Watoto Wasiowahi Kuanguka

Vijana wa ofisini mmenibana niandike habari za kazi yangu kabla sijasahau, na mmoja wenu, simtaji maana ana haya, akaniambia nisisahau kuweka mafanikio. Mafanikio yangu makubwa ni kwamba nimestaafu macho yote mawili yakiona, baada ya kuvikodolea vioo vya kompyuta tangu enzi vilipokuwa na visogo. Habari za vyeo waulizeni wanaovipenda. Mimi nitawaeleza habari za picha, kwa sababu ninyi siku hizi picha ikichelewa kufunguka mnapiga meza, na meza zenyewe ni za ofisi.

Niliajiriwa kuchapa barua. Nilikuwa najua kuchapa kwa vidole vyote kumi, jambo lililowashangaza sana wakubwa waliochapa kwa viwili. Ofisi ilikuwa mjini Kigoma, ghorofani, dirisha likitazama mabehewa ya reli, na mimi nilikuwa nakuja kwa miguu kutoka Katubuka huku nimevaa ndala na viatu vya ofisini nimevishika mkononi. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi kwa mitumbwi na kwa miguu, na katika zile purukushani mama anajikuta upande huu wa maji na mtoto yuko kwa jirani aliyepanda chombo kingine. Kazi ya shirika letu ilikuwa kuwatafutia watoto waliopotea watu wao.

Kabla ya kompyuta, picha za watoto zilibandikwa kwenye mbao kambini. Jua lilizifubaza, mvua ikazikunja, na zilizobaki zililiwa na mbuzi. Mnacheka, lakini mbuzi wa kambini alikuwa anaipenda picha ya pasipoti kuliko majani ya mihogo, nadhani kwa ajili ya gundi. Ndipo akaja Injinia Mwombeki, Mhaya wa Bukoba, mtu wa suruali yenye mstari na Kiingereza cha kupiga pasi, akasema picha zote ziingie kwenye hifadhidata, na kila kambi ifungue ukurasa mmoja mtandaoni iwaone watoto wote. Alinitazama vidole vyangu kumi akasema, "Wewe utafanya na mimi." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye teknolojia. Sikuitwa, nilionekana.

Nawaeleza ilivyokuwa inafanya kazi, maana ninyi mnatumia vitu vilivyopikwa na wengine. Hifadhidata ni ghala. Ukiweka picha humo, haikai kama picha, inakaa kama rundo la namba lisilo na sura. Ukurasa wa mtandaoni hauna picha ndani yake, una anwani tu inayosema: niletee picha ya mtoto wa namba fulani. Kiprogramu kidogo kinakwenda ghalani, kinachukua rundo lile, kinalipeleka. Lakini kabla ya kulipeleka lazima kibishe hodi na kusema, "Ninayeleta ni picha." Kisiposema, kompyuta ya anayetazama inadhani imeletewa maandishi, na inayasoma hivyo hivyo.

Siku ya kwanza tulisahau hodi hiyo. Tulikuwa tumemwita mkuu wa ofisi na wageni wake waje kuona, soda zimepangwa. Nikabonyeza, na badala ya mtoto zikamwagika herufi za ajabu, alama za kuuliza, vijiti, nyota, ukurasa mzima na mwingine na mwingine. Mlinzi wetu aliyekuwa anachungulia mlangoni akauliza kwa heshima kama ni Kiarabu. Injinia Mwombeki akawaambia wageni kwamba hicho ndicho kinachoitwa usalama wa taarifa, wakaitikia kwa vichwa na kunywa soda zao. Tangu siku ile nikajua mwalimu wangu ni mtu wa kuaminika.

Alinifundisha mengi, na alikuwa mkali. Nafasi ya picha ghalani ikiwa finyu, picha inakatwa bila onyo, unapata paji la uso na macho, chini ni kijivu. Picha kubwa mno inachukua asubuhi nzima kufika kambini kupitia dishi letu la setilaiti, kwa hiyo weka ndogo mbele na kubwa nyuma. "Kompyuta haikosei, Leokadia," alikuwa ananiambia, "ila ina utii mbaya." Nilidhani anatania.

Mpiga picha wetu alikuwa Fundi Athumani wa Ujiji. Alikuwa na studio ya miaka mingi, pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na nyuma ya mlango koti moja la mikono mirefu ambalo nusu ya wanaume wa Ujiji wamelivaa kwenye vitambulisho vyao. Ukiingia kwa Athumani lazima upanguswe uso, uchanwe nywele, upakwe poda kidogo. Shirika lilimchukua kwa sababu alijua Kirundi na hakuna mtoto aliyelia mbele yake. Alikuwa anakwenda kambini na gari la ofisi, anarudi na kamera, anakaa na kompyuta yake siku mbili tatu, halafu ananiletea picha kwenye diski. Mimi nazipandisha ghalani, zinaonekana.

Na picha zilikuwa nzuri, jamani. Watoto waking'aa, shingo zimenyooka. Mkuu wa ofisi aliwaonyesha wageni ukurasa wetu kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Jambo moja tu lilikuwa halieleweki. Enzi za mbao na mbuzi, watu walikuwa wanawatambua watoto wao. Sasa wanakuja, wanakaa mbele ya kioo, wanatazama kurasa zote, wanashukuru kwa adabu na kuondoka. Injinia aliongeza rangi. Akabadilisha ukubwa. Akanilaumu mimi, akalaumu dishi, akalaumu na Kirundi. Haikusaidia.

Kati ya waliokuwa wanakuja kutazama alikuwapo mwanamke mmoja anaitwa Konsolata. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye kambi yake kila nilipopata nafasi kwenye gari, tunapita Kidahwe na kuelekea Kasulu, vumbi tupu, na kila nikifika namkuta yuko wa kwanza kwenye benchi. Alikuwa na wavulana wawili na mama yake mzazi, bibi mkavu mwenye ulimi. Aliyepotea alikuwa binti, Kaneza, ambaye siku ya kukimbia alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Jirani alimbeba mtoto, mama akabeba mizigo, risasi zikalia, kila mmoja akapanda mtumbwi wake. Ilikuwa imepita miaka. Jina tulilitafuta tukalikosa, maana mtoto wa umri ule anaandikishwa kwa jina analopewa na anayemlea. Sura ilikuwa imekwishabadilika. Konsolata alikuwa na kitu kimoja cha kushika: juu ya jicho la kulia Kaneza alikuwa na kovu refu kama mbegu ya boga, alilolipata alipoangukia jiwe la mafiga akijifunza kutembea.

Muda nao ulikuwa unamwishia. Alikuwa amejiandikisha kurudi Burundi kwa sababu bibi alitaka kufia kwao, na zamu yake alikuwa ameshaisogeza hadi maofisa wakachoka. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mwisho. Akishavuka mpaka, faili lake lingehamia ofisi nyingine katika nchi nyingine, na sisi tuliokuwa humo ndani tulijua faili likivuka hivyo linakuwa kama mzigo wa meli uliofutika jina. Hatukumwambia hivyo. Sidhani kama ilihitajika kumwambia.

Siku moja, zamu yake ikiwa inakaribia, alitazama kurasa zote za wasichana, kisha akaomba zile za wavulana pia. Nikashangaa lakini nikamfungulia. Alitazama polepole, picha baada ya picha, hadi ya mwisho. Halafu akanigeukia, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa.

"Dada," akasema, "hawa watoto wenu hawajawahi kuanguka?"

Nikamwambia sijamwelewa. Akaelekeza kidole kwenye kioo. Watoto wote hawa, akasema, wamekimbia vita, wamelala porini, wamechota maji na kuota moto, na hakuna hata mmoja mwenye alama usoni. Nikavuta kiti. Nikafungua ukurasa mmoja, na mwingine, na mwingine. Wanangu, nilikuwa nimezipandisha picha zile kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikuwa sijaona. Nyuso zilikuwa laini kama mayai. Hakuna kovu, hakuna ndui, hakuna hata alama ya kung'atwa na mbu, mkoani Kigoma.

Kesho yake nilikuwa Ujiji kabla studio haijafunguliwa. Fundi Athumani akaja na funguo zake, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama nataka picha ya ukumbusho maana nimependeza. Nikamuuliza makovu ya watoto yako wapi.

"Nimeyatoa," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama ameshafagia.

Akanionyesha na namna anavyoyatoa, kwa fahari kabisa: unachukua ngozi nzuri ya shavuni, unaipandikiza juu ya kovu, unalainisha pembeni. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anaifanya kazi hiyo jioni nyumbani kwake, kwa roho safi. Nikamuuliza kwa nini, na nilijitahidi sauti isipande, ikapanda.

"Dada Leokadia, mama hajamwona mwanawe miaka yote hiyo," akanijibu, na nilimwona kweli ameumia kwa swali langu. "Umwonyeshe mtoto na majeraha? Si atasema hatukumtunza? Mimi sikulelewa hivyo."

Nilitaka kumrukia, nikataka pia kucheka, na katikati ya hayo mawili nikamweleza habari za Konsolata na jiwe la mafiga. Nilipomaliza, alikaa kwenye kile kigoda cha wateja mbele ya maporomoko ya maji. Mtu aliyewapendezesha watu maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba amewaficha watoto, mama zao wasiwaone. Nilimwonea huruma, ingawa hasira ilikuwa bado haijaniisha. Baadaye akainuka, akaleta mkebe wa biskuti, ndani yake diski zimefungwa kwa kitambaa. Fundi, akasema, haitupi picha ya kwanza.

Tukazirudisha zote. Injinia, mimi na Athumani mwenyewe, tukaziweka picha za kwanza mahali pa zile laini, mtoto kwa mtoto, kila moja chini ya namba yake ileile. Kila kovu lilipotokea kwenye kioo, Athumani alikuwa analiomba radhi kwa sauti ya chini, pole mwanangu, pole mwanangu, hadi Injinia akamwambia ama atoke nje ama aombe radhi kwa jumla. Tulipomaliza nikafungua ukurasa hapo ofisini, na watoto walikuwa wamerudi, na mikwaruzo yao yote. Kwa mara ya kwanza niliwaona kama watoto wa kweli. Nililia kidogo, na Mhaya akajifanya anatafuta miwani.

Konsolata mwenyewe nilikuwa namtafutia usafiri wa kumfikia, na gari halikupatikana hadi asubuhi ya msafara wake. Nikafika kambini malori yamepangwa, watu wanapanda. Bibi alikuwa ameshapanda, amepata nafasi nzuri mbele karibu na kichwa cha gari, ameshikilia ubao kwa mikono miwili. Nikamkuta Konsolata anafunga masufuria. Nikamwomba aje kwa mara moja tu, akanitazama sana, kisha akamwachia mtoto mkubwa kamba akaja.

Nikafungua ukurasa. Nyuso laini kama mayai.

Nikafungua tena. Laini. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Hakuna aliyeanguka. Konsolata alitazama kwa muda wa kutosha kuniheshimu, akanishika bega, akasema amenisamehe, akatoka kuelekea kwenye lori. Yeye ndiye aliyekuwa ananifariji mimi.

Ndipo maneno ya Injinia kuhusu utii mbaya yakanirudia. Ili kulipunguzia mzigo dishi letu, kompyuta ya kambini ilikuwa imefundishwa kwamba picha iliyokwisha kuiona isiiombe tena Kigoma. Iliihifadhi pembeni, na mtu akiitaka inampa ileile ya zamani, kwa sababu anwani ni ileile na namba ya mtoto ni ileile. Haikujua kwamba ghalani picha imebadilika, na hakuna aliyeiambia. Dawa yake ni rahisi, kila mmoja wenu anaijua leo: unaongeza kitu mwishoni mwa anwani, chochote, mkia tu, na kompyuta inaona ni picha ngeni, inakwenda kuileta upya. Lakini ukurasa ulikuwa Kigoma, na mimi nilikuwa kambini, na tulichokuwa nacho ni redio ya upepo, ambayo ilisikika kwenye kila gari la kila shirika kuanzia Kigoma hadi Kibondo.

Nikachukua redio nikamwita Injinia, nikamwambia watoto wote wawekewe mikia. Akaniuliza kama nina homa. Nikarudia kwa utaratibu: kila mtoto, mkia, mwishoni, sasa hivi, mama anaondoka. Dereva mmoja huko njiani akaingilia akauliza ni watoto wa kambi gani. Hatimaye Mwombeki akaelewa, nikasikia vidole vyake viwili vikipiga kibodi huku bado ameibana redio, na katika maisha yangu sijawahi kutamani mtu awe na vidole kumi kama siku ile. Akasema tayari.

Nikafungua. Picha zikaanza kushuka moja moja, polepole, kutoka juu kwenda chini, kama pazia linalofunguliwa na mtu mvivu. Nikamtuma mlinzi wa kambini amkimbilie Konsolata, na mlinzi, Mungu ambariki, alimrudisha akiwa na sufuria mkononi. Hakukaa. Alisimama nyuma yangu, na nilimsikia anavyohema. Wasichana wa ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye ukurasa uliofuata aliweka sufuria chini, akanyoosha mikono yote miwili juu ya bega langu, akaiziba picha moja kwenye kioo, mkono huu ukificha mdomo na pua, huu ukificha nywele, akabakisha nafasi ndogo juu ya jicho la kulia.

"Huyu alianguka," akasema.

Aliandikishwa kwa jina la Ana, na alikuwa kambi nyingine, barabara hiyohiyo. Ofisa wa msafara alikuwa mwelewa, akaandika familia ishuke. Wavulana walishuka. Bibi alikataa. Alisema kiti amekipigania tangu alfajiri, kama mjukuu amepatikana aletwe hapohapo, kuna nafasi ya kumpakata. Ilibidi dereva azime gari na kumwahidi, mbele ya mashahidi, kiti kilekile kwenye msafara ujao.

Tukaenda kwa gari la ofisi. Sheria yetu ilikuwa mlezi aulizwe kwanza, peke yake, na aliyemlea Ana alieleza mtumbwi, risasi, jinsi jirani wa mama alivyomwachia mtoto bila kutaja jina, na yote, kabla hatujamtajia jina la Konsolata. Alieleza huku anafunga na kufungua kanga yake, maana miaka yote alikuwa anajua siku hiyo itakuja, na hakuitaka, na aliwahi kumwombea mtoto ifike. Alipomaliza alikwenda kumwosha uso Ana, akamvalisha gauni la kanisani. Mimi nilimwambia asimpake mafuta mengi.

Mtoto akatoka akasimama mlangoni, amekunja uso kwa sababu ya jua, au kwa sababu yetu. Konsolata alimwendea taratibu, akapiga magoti kwenye vumbi. Hakulia na hakumkumbatia. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akakipitisha kwenye alama iliyo juu ya jicho la kulia, akasugua, akasugua tena kwa nguvu, kama mama anavyomfuta mtoto masizi.

Mtoto alirudi nyuma hatua moja, akajifuta mate kwa kiganja.

"Haitoki," akamwambia. "Nimeshajaribu."